Kamera Iliyojaribiwa Gizani

Mdomo wa Fulgence ulikuwa na tabia ya kutangulia akili, kama mbuzi anayemvuta mwenye kamba. Ndiyo sababu Alhamisi asubuhi alijikuta juu ya pikipiki yake, akitoka Mudzipela kuelekea katikati ya mji, kwenda kununua kitu ambacho mikono yake ilikuwa haijawahi kukishika.

Nyuma yake alikaa mkewe Véronique. Pesa zote zilikuwa kwake, zimefungwa kwenye pindo la kikwembe kwa fundo la mtu aliyekwisha kuibiwa sokoni. Kila pikipiki iliporuka shimo, Véronique alishika fundo kwanza, mume baadaye.

"Papa Glodie, pole pole," alisema. "Tukianguka, hiyo kamera utapigia picha kwa kitanda ya hospitali."

"Mama Glodie, hii hapana mbio. Hii njo furaha, ndiyo furaha yenyewe."

Waliitana hivyo tangu binti yao Glodie alipozaliwa, na Glodie mwenyewe sasa alikuwa na mtoto mgongoni. Lakini mbele ya kanisa Fulgence na Véronique hawakuwa wameoana. Waliishi kwa mtindo wa yaka tofanda, njoo tukae: unampenda mtu, mnapata chumba, watoto wanakuja, na harusi inangoja siku pesa zitakapotosha. Siku hiyo haiji. Inapokaribia, mtoto anaugua, au vita vinafika, mnakimbia na magodoro kichwani na kuanza upya. Wao walikimbia kutoka Nizi. Nyumba yao iliungua pamoja na picha pekee waliyokuwa nayo, ya Véronique akiwa msichana, amesimama kando ya baiskeli ya mtu mwingine.

Katika mtaa wao watu wa namna hiyo walikuwa wengi, basi Padri Ephraïm aliamua kuifuata hiyo siku yeye mwenyewe. Jumamosi angefungisha ndoa za jozi kumi na tatu kwa misa moja, na baada ya misa sufuria zingekuwa za pamoja.

Tatizo lilizaliwa Jumapili, kwenye mafundisho ya mwisho ya ndoa. Padri alitangaza kwamba safari hii hataki flashi kanisani. Mpiga picha mmoja alikuwa amemmulika usoni wakati anainua kikombe, na Padri akamaliza misa huku akiona nyota za kijani. Atakayepiga, apige bila flashi. Adrien, mpiga picha wa mjini ambaye alikuwa amekuja kupatana bei na maharusi, alitikisa kichwa. Kanisa lile ni giza, alisema, kuta nene, madirisha kama ya ghala. Bila flashi yeye haahidi kitu, na kama wanamlazimisha, basi bei ipande.

Maharusi wakanung'unika. Hapo ndipo mdomo wa Fulgence ulipotoka nje peke yake.

"Ipande iende wapi, hiyo bei? Ikae hapo. Mimi nitapiga siye wote. Na kamera ya kweli, ile ya kutoa lenzi na kurudisha. Hapana telefoni."

Watu walimpigia makofi. Walijua kwamba ana jicho. Kwa telefoni yake iliyopasuka kioo alikwisha kuwapiga wengi wao wakiwa juu ya pikipiki yake, na picha zile walizituma hadi kwa ndugu zao Boga na Kampala. Wakamwambia Adrien asihangaike kuja na mzigo wake. Adrien alivaa kofia, akatoka akicheka. Fulgence alipoketi, Véronique alimwinamia sikioni.

"Kamera gani?"

Jibu lilikuwa ndani ya lile fundo la kikwembe: akiba yao ya harusi, iliyotoka kwenye abiria wake na kwenye ndizi za Véronique. Walikubaliana kuitumia. Harusi itapita kwa siku moja, Fulgence alisema, lakini kamera itabaki kazini, na mgongo wake ulikuwa umechoka na mashimo ya barabara. Véronique alikubali kwa sharti moja. Chakula, viatu, nyimbo, vyote aliviacha kwa wengine. Yeye alitaka picha yake amevaa nyeupe mbele ya altare, mume wake kando, picha kubwa ya ukutani, badala ya ile iliyoungua. Kamera ikiwa mbovu, hakutakuwa na picha hiyo, hakutakuwa na pesa, na watu wote wa jozi kumi na mbili nyingine watajua nani wa kumlaani.

Ajabu ni kwamba Fulgence hakuogopa. Alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kuchukua mke kwa mara ya pili.

Duka lilikuwa la Jeannine, mwanamke aliyehamia Bunia kutoka Butembo na kuja na tabia ya wafanyabiashara wa kule: hawakuuzii kitu kabla hawajakupa kiti. Aliuza simu, aliuza kompyuta zilizotumika, alichapa picha, na kila alipotoka Kampala alirudi na kamera mbili tatu chini ya nguo.

"Karibu Papa. Karibu Mama. Mukae. Munatafuta nini?"

"Kamera ya kupiga ndoa," Fulgence alisema kabla matako hayajagusa stuli. "Na usituletee ile ya bei ya watu wa mashirika. Siye tuko na makuta ya pikipiki na ya ndizi."

"Makuta yote inaitwa makuta," Jeannine alijibu, akainama chini ya meza. Alipoinuka alikuwa na kamera mbili.

Ya kwanza ilimpiga Fulgence moyoni. Ilikuwa kubwa kama kichwa cha mbuzi, nyeusi, inang'aa, imeongezewa kishikio cha betri chini, na mbele yake lenzi ndefu ya kuvuta. Aliivaa shingoni, akajitazama kwenye kioo cha kabati la simu. Kifua kilijaa chenyewe. Katika mji huu mpiga picha hupimwa kwa ukubwa wa kamera yake. Ukifika harusini na ndogo, mama wa bibi harusi anakuuliza mpiga picha atakuja saa ngapi. Fulgence aliielekeza nje, akazungusha lenzi, na mtu aliyekuwa akila andazi ng'ambo ya barabara akaja mpaka puani pake.

"Mama Glodie, kuya uone. Ninaona hata mafuta kwa ndevu yake."

"Nimekuya hapa kuona ndevu ya watu?"

"Inavuta, ninakuambia. Unakaa hapa, picha iko kule."

Kamera ya pili alikuwa hajaiangalia bado. Rangi yake ilikuwa imekwanguka pembeni mpaka chuma kinaonekana, mpira wa kushikia umerudishwa kwa gundi, na lenzi yake fupi kama kifuniko cha termosi.

"Na huyu muzee?" aliuliza.

"Hii ilikuwa ya mutu wa kazi," Jeannine alisema. "Lenzi yake haivute. Ukitaka karibu, unatembea. Ukitaka mbali, unarudi nyuma."

Fulgence alicheka. "Kumbe ni pikipiki ya kusukuma."

"Na bei yake inapita hiyo ingine kidogo."

Kicheko kilikatika. "Mama Jeannine. Weye unauza nyama ama unauza mifupa?"

Jeannine hakukasirika. Aligeuza lenzi fupi kwenye mwanga, akawaonyesha namba ndogo iliyoandikwa kuzunguka kioo. Hiyo namba, alieleza, ni mlango wa mwanga. Namba ikiwa ndogo, mlango ni mpana. Ile lenzi ndefu mlango wake ni mwembamba, tena ukivuta unazidi kujifunga. Hii fupi mlango wake uko wazi kama wa kanisa siku ya Pasaka.

"Kama kabureta," Fulgence alisema. "Hewa inapita mingi."

"Mimi sijue kabureta. Ninakuambia vile waliniambia kule Kampala."

"Na imekula kilometa ngapi?"

Véronique alimgusa goti kwa aibu, lakini Jeannine aliona swali ni la haki. Kamera nazo, alisema, zina kipazia ndani kinachofunguka na kufunga kila unapopiga, na kipazia kinachoka kama mtu. Aliziunganisha kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, na hesabu ikatokea. Muzee alikuwa amepiga sana. Kubwa ilikuwa haijapiga hata robo ya hapo.

Basi Fulgence aliona mambo yamekwisha. Hapa kuna kitu kipya, kikubwa, kinachovuta, cha bei ya chini. Hapa kuna kizee cha gundi. Alikuwa anageuka kumwambia Véronique afungue fundo wakati mlango ulipopata kivuli na Adrien akaingia kuchukua picha alizoleta kuchapwa.

"Ee, Papa Fulgence," Adrien alisema. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, viatu safi hata siku ya matope. "Niliona pikipiki yako inje nikasema huyu analeta abiria. Kumbe abiria ni weye."

"Ninanunua kamera. Nilisema nitanunua."

"Ulisema. Mutaa muzima ulisikia. Uliacha kupiga honi, sasa unapiga picha?"

"Honi inasikiwa kuliko picha yako ya mwaka jana. Mama mukwe wa Moïse alitoka hana miguu."

Véronique alificha mdomo kwa kikwembe. Adrien alicheka pia, maana ilikuwa kweli, akasogea mezani. Aliipigapiga ile kubwa begani kama ng'ombe mnene.

"Chukua hii. Inakufaa, iko na mwili kama wako." Kisha akainyanyua ile ndogo. "Hii wachana nayo. Imezeeka. Mutu mwenye aliiuza alikuwa na sababu." Akaigeuza. Akachungulia. Kidole chake kikatafuta kitufe kisha kikakipata bila macho kusaidia. "Hii imechoka sana," akasema tena, "hapana. Hata bure." Na mkono wake haukuiweka chini.

Fulgence aliacha kumsikiliza, akautazama mkono.

Kabla ya kubeba abiria alikuwa dalali wa pikipiki zilizotumika, na kule alijifunza kitu ambacho shule aliyoiacha mapema haikumfundisha. Mnunuzi anayeponda pikipiki huku ametembea kurudi barabarani, huyo haitaki. Lakini anayeiponda huku kiganja kimebaki juu ya kiti, huyo ameshaipanda rohoni, anangoja tu wewe uondoke.

"Adrien," alisema, "hiyo ya bure unairudisha ama unaenda nayo?"

Adrien aliiweka. Alichukua bahasha yake ya picha, na mlangoni akageuka. Sasa hakuwa anatania. "Shangazi yangu Séphora iko kati ya hao maharusi yenu. Alilea mimi. Ukiharibu siku yake, Papa, tutaonana."

Alipokwenda, Véronique alimtazama mumewe. Alijua uso ule. Ndio uliomfanya achague chumba walichopanga Mudzipela, akakataa kile chenye sakafu ya saruji kwa sababu alinusa maji ukutani, na mvua ilipokuja kile cha saruji kikafurika.

"Mama Jeannine," Fulgence alisema, "pikipiki hatuijaribu kwa barabara ya sawa. Pale zote ni pikipiki. Tunaipeleka kwa kilima. Sasa, kilima ya kamera njo nini?"

Jeannine alifikiri. "Giza," alisema.

"Uko nayo?"

Alikuwa nayo. Nyuma ya duka kulikuwa na ghala ambako kaka yake aliweka mabalo, marobota ya nguo za mitumba, limejaa mpaka juu, bila dirisha, mwanga unaingia kupitia tundu moja la bati na mlango ulioachwa nusu. Walimsimamisha Véronique katikati ya mabalo. Alisimama wima kama mwanafunzi anayengoja kuitwa jina.

Fulgence alianza na ile kubwa. Alibonyeza. Lenzi ilizunguka kwenda, ikarudi, ikaenda tena, kriii, kriii, kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Hatimaye ikakohoa. Kwenye kioo cha nyuma palitokea kitu cha kahawia chenye macho mawili yaliyoyeyuka. Akajaribu tena, akaambiwa ashike imara, akashika imara mpaka mishipa ikamtoka. Bado kahawia. Jeannine alifungua flashi kwa haki ya mteja, na safari hiyo Véronique alitokea mweupe kama aliyeanguka ndani ya unga wa muhogo.

"Huyu amekufa," Véronique alisema alipoonyeshwa. "Zika yeye."

Fulgence akachukua muzee. Akabonyeza, na ilikuwa imekwisha kupiga kabla hajamaliza kushusha pumzi. Ta. Sauti kavu, fupi, ya chombo kinachojua kazi yake. Akageuza kamera atazame.

Hakusema kitu. Kwa Fulgence hilo lilikuwa jambo la kutisha, na Jeannine alisogea kuangalia kuna nini.

Mwanga wa lile tundu la bati, ambao macho yao hayakuuona kuwa kitu, ulikuwa umemshukia Véronique shavuni ukatelemka mpaka begani. Mabalo nyuma yake yalikuwa yamelainika yakawa kama mawingu. Kila ukope ulikuwa mahali pake. Alikuwa anakaribia kucheka.

Véronique aliichukua kamera, akaisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Kumbe niko na shingo," alisema.

"Shingo hiyo uko nayo siku zote."

"Na weye hukuniambia."

Wakarudi mezani, na hapo furaha ilikutana na bei. Fulgence alibembeleza, akatukana gundi, akalia juu ya kipazia kilichochoka, akaenda mpaka mlangoni mara mbili na kurudi. Jeannine aliongeza betri ya pili na kadi ya kuhifadhi picha, lakini bei haikushuka mpaka kiwango cha pesa walizokuja nazo. Véronique alifungua fundo, akamwaga kila kitu, kisha akatoa kifundo kingine kidogo kilichokuwa upande wa pili wa kikwembe. Fulgence alikijua. Ilikuwa pesa ya pete.

"Hapana," alisema. "Hiyo wacha."

"Itatosha."

"Mama Glodie, mimi ni mutoto wa Nizi. Baba yangu alichimba dhahabu mpaka kucha ikaisha. Nitakuvalisha pete ya shaba, watu wacheke?"

"Dhahabu ya Nizi ilikufanyia nini?" Véronique alisema taratibu, akisukuma kifundo kuelekea kwa Jeannine. "Pete nitaivua kila siku nikienda sokoni, niogope wezi. Picha haivuliwe. Shaba inatosha. Lipa."

Fulgence alikifungua kile kifundo, akalipa. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeapa, "Hiyo picha itakuwa kubwa kama mulango."

"Ikuwe kama dirisha. Mulango tunaupitia."

Siku iliyofuata mtaa haukupata amani. Fulgence aliamka na kamera, akanywa chai na kamera, akaenda chooni akaambiwa na mkewe kule asiende nayo. Alipiga kuku wa jirani, alipiga mafundi wa pikipiki na mikono yao ya grisi, alipiga mvuke wa sufuria ya maharage akiwa amelala kifudifudi. Alijifunza kwa makosa. Lenzi isiyovuta ilimfundisha kutembea: alitaka uso, akasogea mpaka mwenye uso akarudi nyuma, alitaka familia nzima, akarudi kinyumenyume mpaka akaketi kwenye beseni la nguo za mama mmoja. Kabla jua halijazama alikuwa ameshaelewa kwamba akifungua ule mlango wote wa mwanga, pua inaweza kuwa safi na masikio yakapotea, na kwamba watu wawili lazima wasimame sambamba la sivyo mmoja atakuwa ukungu. Hilo aliliandika kichwani kwa herufi kubwa, maana kesho yake watu wangekuja wawili wawili.

Jumamosi mawingu yalifunika Bunia tangu asubuhi. Umeme haukuwepo. Ndani ya kanisa mishumaa iliwaka mchana. Wageni waliingia, wakapepesa macho, wakaanza kutafuta nafasi kwa kupapasa.

"Kilima ni hiki," Fulgence alimnong'oneza mkewe, na meno yake ndiyo yaliyoonekana.

Véronique alikuwa amevaa gauni la kukodi, limepunguzwa kiunoni na Glodie kwa pini. Shingo aliiacha wazi. Tangu siku ya lile ghala alikuwa anaijua.

Fulgence alikuwa na suti ya kuazima, tai nyekundu, na kamera juu ya tai. Misa ilipofika kwenye ndoa, jozi ziliitwa moja moja mbele ya altare, na yeye akaanza kazi. Alitembea. Alipiga goti, akainuka, akapita nyuma ya kwaya, akatokea kati ya watumishi wa misa. Ta. Ta. Hakuna aliyemulikwa, na Padri Ephraïm hakupepesa jicho hata mara moja. Ila mdomo haukuwa na kifuniko.

"Papa Moïse, inua kidevu, hapa hapana polisi. Mama Priscille, sogea, huyo ni bwana yako, hapana jirani. Sasa mukae sawa, bega kwa bega. Njo ile."

"Fulgence," Padri alisema bila kugeuka, "hapa mimi ndiye ninayesema."

"Ndiyo, Padri. Endelea."

Watu walicheka chinichini. Mama Séphora alipoitwa, yule shangazi wa Adrien, bibi harusi mwenye mvi, Fulgence hakumwamrisha chochote. Alingoja. Bwana harusi mzee alimshika mkono ili pete iingie, wote wawili wakainama kuitazama, mshumaa ukawamulika kutoka chini, na Fulgence akapiga mara moja tu. Alitazama kioo cha nyuma. Akainua kamera juu, akaielekeza mlangoni, alikokuwa amesimama Adrien kama mgeni, mikono mitupu, kwa sababu mtaa ulikuwa umemwambia asije na mzigo. Kutoka mbali Adrien hakuweza kuona picha. Aliona uso wa aliyeipiga, na uso ule ulimtosha akaanza kusogea mbele.

Padri aliita jina lingine. Bibi harusi alisogea; bwana harusi hakuja. Fulgence alikuwa tayari, amepiga goti, jicho moja limefungwa, mlango wa mwanga umefunguka wote. Padri aliita tena.

"Huyu bwana harusi iko wapi?" Fulgence alisema kwa hasira, akigeuza shingo kutafuta. "Mwanga unapotea."

Kicheko kilianzia kwenye kwaya kikatelemka kwenye mabenchi yote mpaka kwa waliosimama nje madirishani. Véronique alikuwa peke yake mbele ya altare, maua mkononi, akimtazama mtu aliyepiga goti na kamera.

"Papa Glodie," alisema, "ni weye."

Alisimama. Na aliposimama ndipo lilipomshukia lile ambalo mdomo wake ulilipita Jumapili iliyopita, ambalo yeye, wala watu wa jozi kumi na mbili, wala mkewe, hakuna aliyeliuliza. Alisema atapiga wote. Alisema siye. Hakufikiria nani atampiga yeye akiwa hapo mbele. Alishika kamera kwa mikono miwili. Picha moja tu aliyoombwa, ndiyo asiyoweza kuipiga.

Alitazama mabenchi. Glodie, mtoto analia mikononi mwake. Moïse, ambaye hata telefoni huishika juu chini. Na pembeni, hatua chache tu sasa, Adrien.

Fulgence alijua anachotakiwa kusema, lakini mdomo uliotangulia maisha yake yote ulikataa kutangulia hapo. Véronique hakungoja. Alimpa mume wake maua ayashike, akamvua kamera shingoni, akatembea na gauni la kukodi mpaka kwa Adrien, na kumwekea kamera kiganjani.

"Weye njo unajua," alimwambia. "Usikate miguu yangu."

Adrien alitazama kile chombo. Kidole kikapata kitufe bila macho, kama dukani. "Sogea kushoto, Mama," alisema, "kwa mushumaa." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Papa, maua mupe yeye. Hapana weye unaolewa."

Ndoa ikafungwa. Pete ya shaba iliingia bila kugoma. Adrien alitembea kama watembeavyo wanaojua, bila kugonga kitu, na mara Véronique alipogeuka kumtazama mumewe, sauti ile kavu ilisikika. Ta.

Baada ya misa, uani kwenye sufuria, Fulgence aliomba kamera yake. Adrien aliirudisha, ingawa kiganja kilichelewa kuachia. Alikuwa ameshaiona picha ya shangazi yake.

"Ukichoka nayo," alisema.

"Weye ulisema hata bure," Fulgence alimkumbusha.

Maharusi wote walijazana kutazama kioo kidogo cha nyuma, wakisukumana, wakiitana, kila mmoja akitafuta uso wake na kuupata. Hapakuwa na aliyepotea gizani. Walipofika kwenye picha ya Véronique walicheka mpaka Padri akaja na sahani yake kuuliza kuna nini.

Véronique alikuwa amesimama katika mwanga wa mshumaa, nyeupe yote imewaka, shingo ndefu, macho kwa mume wake. Mume wake hakuwa anamtazama yeye. Shingo yake ilikuwa imegeuka, jicho kali limekazwa kwenye kamera iliyo mikononi mwa mtu mwingine, mdomo wazi, kidole juu, anaelekeza namna ya kushika.

"Hii futa," Fulgence alisema. "Kuna ingine, tumetulia. Hiyo tuchape."

"Nionyeshe."

Akamwonyesha ile ya pili. Ilikuwa nzuri, bega kwa bega, wote wawili wametazama mbele. Véronique aliitazama kwa heshima, akarudi kwenye ya kwanza, akakaa nayo.

"Hii njo utaipeleka kwa Mama Jeannine," alisema. "Kubwa. Kama dirisha."

"Mama Glodie, watu wataniona vile."

"Waone," alisema. "Wajue nimeolewa na nani."